Mashine ya sebuleni bado ina pumzi

Jumamosi moja ya Januari, saa tatu asubuhi, kitindamimba wangu alinifuata jikoni na uso wa msiba. "Mama, kompyuta imekufa." Nikaepua chapati, nikaenda sebuleni. Haikuwa imekufa. Kitufe cha kuwashia, ambacho siku zote hutoa mwanga mweupe, kilikuwa kinamemeta rangi ya chungwa, na feni ilizunguka mara mbili tatu ikanyamaza. Kufika saa nne kaka yake mkubwa, mwenye miaka 19 na ulimi wa wakili, alikuwa ameshaitisha kikao cha familia. Ajenda ilikuwa moja tu: mashine imezeeka, inunuliwe mpya.

Vikao vya namna hii najua vinafanyika katika nyumba nyingi mwaka huu. Microsoft walifunga huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kila kompyuta ya zamani inawaambia wenyewe kwa maandishi makubwa kwamba imepitwa na wakati. Watoto nao wanajua kusoma. Mimi ni mwalimu wa hisabati, si fundi, lakini baada ya wiki tatu za kuhangaika na kasha lile nina msimamo: wengi wetu tuko mbioni kutoa mamilioni kutatua tatizo la laki moja na nusu.

Niitambulishe kwanza. Ni Dell OptiPlex 9020, mnara mweusi, mtumba. Tuliinunua Kariakoo mwaka 2017 kwa 550,000, tukaja nayo Tanga kwa basi, baba watoto akiwa ameipakata kama mtoto mchanga kwa sababu hakumwamini kondakta. Ilikuwa imeshafanya kazi ofisini Ujerumani. Ushahidi ni kibodi yake: kwenye kibodi za Wajerumani herufi Y na Z zimebadilishana nafasi. Sisi tuliacha mipangilio ya kawaida ndani ya Windows, kwa hiyo ukibonyeza penye Y inatoka Z. Binti yangu wa kati alipoanza kujifunza kuchapa aliandika "zai" badala ya "yai", na "maziwa" ikasomeka "mayiwa". Hadi leo wanangu wote watatu wanachapa bila kutazama herufi, kwa sababu waliotazama walipotea.

Haikuzaliwa mashine ya gemu. Ilizaliwa karani. Gemu zilikuja 2018, baba watoto aliporudi safari ya Dar na kadi ya grafiki, GTX 1050 Ti, ameifungia ndani ya mfuko wa mchele nisiione. Niliiona. Kadi ile ilikuwa imetimiza kama mwaka mmoja na nusu tangu itoke, na uzuri wake ni kwamba haidai waya wake wa umeme. Inakula wati 75 tu, na zote inazivuta kwenye tundu lake la madabodi. Ndiyo maana ilikubali kukaa ndani ya mashine ya karani. Tangu siku hiyo nyumba yetu ina PES 2017, ina Minecraft ya kitindamimba, na ina GTA V, ambayo masharti yake ni kwamba mdogo awe amelala.

Turudi kwenye kikao. Hoja za kijana zilikuwa tatu. Mashine ni nzito, inachukua dakika nne kuwaka. Windows 11 haiingii. Na GTA VI inakuja. Hoja ya tatu niliifuta papo hapo, kwa raha kidogo, maana nilikuwa nimejiandaa: matangazo ya Rockstar yanataja PlayStation 5 na Xbox Series, kompyuta haimo. Yaani alitaka nitoe milioni tatu ninunue kifaa kwa ajili ya gemu ambayo haijaahidiwa kwenye kifaa hicho. Alinyamaza. Dada yake akacheka mpaka akatoka nje.

Hoja mbili za kwanza zilistahili heshima, kwa hiyo Jumatatu baada ya vipindi tukaenda naye mjini, duka moja ambalo sitalitaja. Pale mbele, juu ya meza ya kioo, palikuwa na kasha lenye ubavu wa kioo na feni nne zinazowaka taa za rangi kama ukumbi wa harusi. Muuzaji alituona tunavyolikodolea macho.

"Mama, hii ni gaming haswa. Core i7, RAM kumi na sita, kadi ya GB nne. Milioni moja na laki nne na nusu, mwisho kabisa."

Nikamwangalia mwanangu. Na mimi, nakiri, hesabu zilishaanza kupigana kichwani: i7 ni kubwa kuliko i5 yetu, 16 ni kubwa kuliko 8, na bei ni nusu ya ile niliyotajiwa kwingine. Kijana akauliza kwa upole, "Kaka, i7 ya ngapi?" Muuzaji akasema, "i7 ni i7." Kijana akaomba iwashwe, akafungua ukurasa wa taarifa za mashine, akanionesha kwa kidole: i7-3770.

Hapa ndipo ningependa kila mzazi atulie kidogo, kwa sababu hii ndiyo elimu yenye faida kuliko zote nilizopata mwezi ule. Namba ya prosesa za Intel za familia hii inajisoma yenyewe. Acha hiyo i5 au i7, tazama tarakimu inayofuata baada ya kistari. Yetu ni i5-4590: kizazi cha 4, cha mwaka 2014. Ile ya dukani ni i7-3770: kizazi cha 3, ya mwaka 2012. Namba ikiwa na tarakimu tano, kama i5-12400, soma mbili za mwanzo: kizazi cha 12. Kwa hiyo chini ya zile taa za harusi nilikuwa nauziwa mashine iliyoizidi yetu kwa umri. Na ile kadi ya "GB nne" ilikuwa GT 730, kadi dhaifu ambayo 1050 Ti yetu inaiacha mbali. GB nne ni ukubwa wa ghala. Hazikuambii kama mpagazi ana nguvu. Kwa milioni moja na nusu kasoro elfu hamsini ningerudi nyumbani na mashine mbovu kuliko niliyoiacha, ila inayong'aa.

Simlaumu sana yule kijana wa duka; huenda naye aliuziwa hivyo hivyo. Lakini tulipotoka nilitazama safu ya mashine zilizopangwa ukutani, OptiPlex na HP za ofisini, safi, bei nzuri, na karibu zote namba zake zinaanza na 6 au 7. Na Windows 11 kwa kawaida inataka kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na kijidude cha usalama kinachoitwa TPM toleo la 2.0. Fikiria basi. Ofisi za Ulaya zinabadilisha mashine kwa sababu hazipokei Windows 11. Zikibadilisha, zile za zamani zinakwenda wapi? Zinakuja kwa watu kama sisi, tunaokimbia mashine zetu kwa sababu hazipokei Windows 11. Mtu anatoa laki sita anahama kizazi cha 4 kwenda cha 6, anafika nyumbani, anakutana na tangazo lile lile kwenye skrini.

Tulirudi mikono mitupu, na siku ya pili nikaibeba mashine kwa bajaji hadi Ngamiani kwa fundi ambaye niliwahi kumfundisha kidato cha pili. Alipata D ya hisabati. "Shikamoo mwalimu," akasema, akaniwekea stuli barazani.

Alifungua ubavu wa kasha na sote tukarudi nyuma. Miaka tisa ya vumbi la Tanga, lililolowa upepo wa chumvi, lilikuwa limejenga zulia juu ya feni ya prosesa, zito kiasi kwamba fundi alilibandua kwa vidole kipande kizima, kama unavyobandua ukoko. Chini kwenye kona palikuwa na mjusi kafiri mkavu, mkia umezunguka waya. Fundi hakushtuka. Alivuta vipande vya RAM, akanionesha meno yake ya dhahabu yaliyokuwa yamefifia na kushika ukungu wa chumvi. Akaomba ufutio. Mwalimu hakosi ufutio. Nilikuwa nao kwenye mkoba. Akayasugua meno yale taratibu, upande huu na upande huu, akapuliza, akarudisha. Akawasha. Mwanga mweupe.

Huo ndio uliokuwa "msiba" wa Jumamosi. Ufutio wa shilingi mia mbili.

Baadaye aliinua chuma cha kupozea prosesa. Ile pasta ya joto inayopakwa katikati, ambayo inatakiwa iwe laini kama dawa ya meno, ilikuwa imekauka na kupasuka kama matope ya kiangazi. Kabla hajaisafisha alikuwa amepima: mashine ikifanya kazi nzito ilifika nyuzi 96. Prosesa hizi zikikaribia 100 zinajipunguzia mwendo zenyewe zisiungue. Kwa hiyo gemu zilikuwa zinakwama kwa sababu mashine ilikuwa na homa, na sisi tukasema ni uzee. Baada ya pasta mpya na kusafisha, kazi ile ile, nyuzi 67.

Bado ilichukua dakika nne kuwaka. Fundi akafungua dirisha linaloonesha nani anafanya kazi ndani ya mashine, akaniambia, "Mwalimu, soma mwenyewe." Prosesa: asilimia 18. RAM: 71. Diski: 100. Inakaa hapo hapo, mia, mia, mia. Diski yetu ilikuwa ile ya kuzunguka, sahani ya chuma inayokwenda mizunguko 7,200 kwa dakika, na kila faili likitakiwa, mkono wa ndani unangoja sahani izunguke mpaka herufi zipite chini yake. Kwa vitu vidogo vidogo vilivyotawanyika, diski ya namna hiyo inamudu kama mara mia moja kwa sekunde. SSD haina kinachozunguka. Inamudu makumi ya maelfu. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Ukiwa na mpishi hodari na jiko zuri lakini kijana wa sokoni anakwenda kwa miguu Mgandini kuleta nyanya mojamoja, hununui jiko jipya.

Hesabu yake hii hapa. SSD ya GB 480, shilingi 95,000. RAM ya GB 8, DDR3 ya mtumba kutoka mashine iliyoungua madabodi, 35,000. Ufundi na pasta, 25,000. Jumla 155,000. Mashine sasa inawaka kwa sekunde ishirini na tano, nimehesabu kwa saa ya mkononi.

Upande wa pili: makadirio ya mashine mpya ya gemu, ya kweli si ya taa, kijana aliyapata Desemba yakiwa 3,100,000. Nilipopiga simu mwishoni mwa Januari yalikuwa 3,450,000. Nikauliza kulikoni, nikajibiwa "RAM, mama". Na ni kweli. Vituo vikubwa vya akili bandia vinameza RAM duniani kote, na Desemba Micron walitangaza kuachana na biashara ya Crucial, chapa yao iliyokuwa inauzia watu wa kawaida kama sisi. Mwaka mbaya wa kununua kompyuta mpya ni huu.

Mwanangu alileta pingamizi la maana: "Mama, na ikifa baada ya miezi sita?" Swali zuri, tukalifanyia hesabu mezani. Ikifa, SSD ya 95,000 inachomolewa na kuhamia mashine nyingine. Kinachopotea ni RAM na ufundi, 60,000, kwa miezi sita, yaani elfu kumi kwa mwezi. Mashine ya 3,450,000, hata ikidumu miaka sita bila kasoro, ni zaidi ya 47,000 kwa mwezi. Hapo ndipo nilipopata kipimo changu: pesa nyingi niziweke kwenye kitu kinachohama. SSD inahama. Kadi ya grafiki inahama. Monita inahama. RAM ya DDR3 haihami, haiingii kwenye madabodi za leo, ndiyo maana nilikubali ya mtumba ya 35,000 na nikakataa mpya.

Na kipimo hicho hicho ndicho kilichonizuia nisipitilize, maana ukishaonja mafanikio ya laki moja na nusu unapata tamaa. Kijana alipata mtu anauza RTX 2060, bei ya kirafiki. Kadi nzuri. Lakini inakula wati 160 na inadai waya wake wa umeme. Pawa saplai ya mashine yetu ni ya wati 290 na waya huo haina. Tubadilishe pawa saplai? Dell walitumia plagi yao wenyewe ya pini nane kwenye madabodi, ya kawaida haiingii mpaka utafute kiunganishi. Ukipata kiunganishi, prosesa yenye viini vinne vya mwaka 2014 inashindwa kuilisha kadi ile, unabaki umelipia mwendo usioutumia. Kila kipande kipya kilikuwa kinakuja kudai mwenzake. Hapo nilisema basi, na fundi, yule wa D, akasema, "Hapo mwalimu umenena."

Sijifanyi mashine yetu ni kijana. Gemu kubwa za sasa haiziwezi, na viraka havitaipa uwezo huo. Kadi yenyewe Nvidia waliacha kuitengenezea maboresho ya gemu mpya Oktoba 2025, imebaki kupewa marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Nyumba ambayo watoto wanacheza gemu za mwaka huu, au wanashindana mtandaoni kwenye Valorant, ambayo kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0, ina sababu halali ya kubadilisha, na isinisikilize mimi. Swali ni mnacheza nini hasa. Wangu wanacheza PES 2017.

Suala la Windows tulilimaliza hivi: tumejiandikisha kwenye nyongeza ya ulinzi wa Windows 10, inayofika 13 Oktoba 2026, na kwa mtu wa nyumbani inapatikana hata bila kulipa, ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Muda huo ukiisha tutajaribu Linux Mint, na Minecraft ya mdogo inakubali huko. Lakini nimeweka sheria moja ambayo haina rufaa: alama za wanafunzi wangu na mambo ya benki yamehama kwenye mashine ile, yako kwenye kompyuta ndogo ya kazini. Mashine ya gemu haishiki pesa. Na siku madabodi itakapokufa kweli, sitanunua mnara wa taa. Nitatafuta mtumba mwingine wa ofisini, namba ianze na 8 au zaidi, tuhamishie SSD na kadi, maisha yaendelee.

Kuna sababu nyingine ambayo sikuisema kwenye kikao. Mashine ile iko sebuleni, karibu na dirisha, na ni moja. Kwa kuwa ni moja, wanagombana, wanapangiana zamu, wanakaa watatu kwenye viti viwili, na mimi nikiwa jikoni nasikia nani kamfunga nani. Ningetoa zile milioni, kijana angeichukua chumbani kwake, dada yake angedai simu kubwa kwa haki, na mdogo angebaki sebuleni na mimi na taarifa ya habari. Sijui kama hili linafaa kuingia kwenye hesabu. Mimi nililiingiza.

Kifunguamimba amekubali yaishe, kwa sharti kwamba akianza kupata kipato chake atachangia nusu ya mashine mpya na itakuwa yake. Tumeandika, amesaini, karatasi iko kabatini na risiti za LUKU. Kisha, kama mtu aliyeshindwa kesi kubwa anayeomba angalau nauli, akasema basi tununue kibodi mpya, yenye herufi mahali pake, elfu kumi na tano tu. Nilikuwa nataka kukubali. Kitindamimba, ambaye muda wote alikuwa ametupa mgongo anajenga nyumba yake ya Minecraft, akasema bila kugeuka:

"Sasa Y nitaipata wapi?"